Asilimia Saba za Kauthar

Kauthar Abdallah aliipata barua ile Jumanne asubuhi, kabla chai haijapoa. Kampuni anayoifanyia kazi, ya Nairobi, ilimweleza kwamba kwa wiki tatu ametumia asilimia saba tu ya muda wake kuandika programu. Ijumaa wangeamua kama mkataba wake uendelee.

Aliisoma mara nne. Ana miaka ishirini na tisa, amesomea kompyuta Mwanza, na kazi anaifanyia chumbani kwake Mugumu, nyuma ya duka la vitambaa aliloliacha marehemu baba yake. Anatengeneza programu inayowasaidia wauguzi wa zahanati kupanga dozi za watoto. Kazi ya namna hiyo hapa mjini hakuna nyingine. Akiikosa itabidi arudi Mwanza kutafuta, na mama yake, Saida, ambaye macho yanazidi kufifia, abaki peke yake.

Mwezi mmoja kabla ya hapo kampuni ilikuwa imeweka kipima muda kwenye kompyuta za wafanyakazi wote. Vidole vikigusa vitufe, nukta ndogo kwenye kona ya skrini huwa ya kijani. Vikitulia dakika tano, inageuka ya njano. Tangu Jumanne hiyo Kauthar hakuitazama kazi tena, aliitazama nukta. Alikunywa maji kidogo ili asiende chooni.

"Kwani hiyo kompyuta ni mkwe," mama yake alimwuliza akiwa mlangoni, "mpaka uikalie kwa adabu hivyo?"

"Inanihesabu, mama."

"Inakuhesabu nini?"

Kauthar alikuwa ameshairudia skrini.

"Mkwe angalau huwa anaaga," Saida akasema, akarudi kwa wateja.

Alhamisi alipiga simu Agustina, muuguzi wa zahanati moja ya upande wa Ringwani.

"Dada Kauthar, nina mtoto hapa wa kilo kumi na mbili. Hii programu yako inasema nimpe vidonge vinne. Nimekataa, nimempimia kwa kitabu."

"Umefanya vizuri. Usiitumie kwanza, na wenzako waambie."

"Ni mimi nimekosea kujaza?"

"Hapana. Ni mimi."

Ili kulipata kosa ilimbidi asome, si aandike. Aliweka mikono mapajani. Nukta ikawa ya njano. Alijua wapo wanaobonyeza kitufe chochote ili mradi rangi irudi. Kidole chake kilisogea chenyewe, akakirudisha. Akibonyeza hovyo hawezi kufikiri, na asipofikiri kuna mtoto mwingine atakayepewa vinne na muuguzi asiyekataa. Saa moja na nusu ilipita ndipo akaona kwamba programu ilikuwa inashika uzito wa mgonjwa aliyetangulia. Akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine. Kazi ya vidole ilikuwa dakika mbili.

Ijumaa alipiga simu Steven, msimamizi wake, Mkenya.

"Kauthar, hebu nieleze. Hapa umejaza unaanza kazi saa mbili, unamaliza saa kumi na moja."

"Ndiyo."

"Mashine imesoma saa nane ya usiku mpaka saa tano asubuhi. Na wewe usiku unalala, si ndiyo?"

Kauthar aliikumbuka fomu aliyoijaza kipima muda kilipowekwa. Fomu ilikuwa imetafsiriwa: Unaanza kazi saa ngapi? Aliulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, kama ambavyo angejibu mtu yeyote sokoni, na mashine ikazisoma kama saa za Kizungu. Kwa wiki tatu mashine ilikuwa ikimsubiri akiwa kitandani, na kuanzia saa tano asubuhi, yeye akiwa bado kazini, yenyewe ilishafunga hesabu.

Steven alicheka mpaka akakohoa. "Hata nyanya yangu angejaza hivyo. Ngoja nirekebishe." Vitufe vyake vilisikika. Kicheko hakikurudi.

"Sasa ni ishirini na mbili," alisema. "Wao wanataka arobaini."

Hicho ndicho Kauthar alichokuwa akikiogopa bila kukitaja, kwamba kosa likiondolewa utabaki ukweli, na ukweli wenyewe ni mdogo. Alimsimulia habari ya Alhamisi, mtoto na vidonge na ile saa moja na nusu.

"Mimi nakuamini," Steven alisema. "Shida ni kwamba hakuna mahali pa kujaza hiyo. Nitakuombea mwezi mmoja. Jaribu tu vidole visitulie, sawa?"

"Sawa."

Mwezi aliupata. Ndani ya programu mwandishi wake anaweza kuacha maelezo ambayo kompyuta huyaruka bila kuyajali, na sasa Kauthar anafikiria humo. Mahali ambapo angetulia anaandika: hapa sielewi, labda tarehe ndiyo mbaya, ngoja, mama ameita, sijaenda, naogopa. Halafu anafuta, kwa maana kufuta nako kunahesabiwa.

Wiki iliyopita alifika arobaini na tatu, Steven akamtumia pongezi. Wiki hiyohiyo Agustina alipiga simu mara mbili, kuhusu dozi ambazo zamani Kauthar angezigundua mwenyewe.