Fimbo ya Baba Haiegemezwi Ukutani

Sisi tuliokulia kambi ya jeshi Kasese enzi zile, snuka, ule mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, tuliijua kabla ya kujua kusoma. Tulichimba mashimo sita uani, tukachuma ndimu mbichi, tukazigonga kwa matete mpaka mama wa mtu alipotoka na mwiko. Tulirudi nyumbani vumbi tupu, tukala bundu, ugali wetu wa muhogo, kwa sombe ya majani yake katika sahani moja, na aliyechelewa kunawa alilamba vidole. Watoto wa leo wanacheza snuka hiyo hiyo kwenye simu, wamelala chali, na bado wanasema wamechoka.

Baba yangu alikuwa koplo, na fimbo yake ya snuka aliilea kama mtoto wa kwanza. Nasema bila wivu, ingawa kwetu Wakonzo jina la Masika hupewa binti wa kwanza, na Masika ni mimi. Kila Jumamosi baada ya chai tuliihudumia pamoja. Tuliifuta kwa kitambaa kikavu, kamwe si cha maji. Tukatia tone la mafuta ya mbao kiganjani na kuisugua mpaka mti ukapata joto. Ile ngozi ndogo ya nchani tuliilainisha kwa msasa. Mwisho tuliivingirisha juu ya meza, maana fimbo iliyonyooka hupita kimya, iliyopinda hugonga.

"Fimbo hapana egemea ukuta," baba alisema kwa sauti ya gwaride. "Ikiegemea, inapinda. Ilale kama mutu." Aliyesahau alipiga magoti mpaka jioni. Mimi nilipiga mara mbili.

Alipopelekwa vitani ng'ambo ya mpaka, tulimsindikiza hadi Bwera, mji wa mpakani. Kabla ya kupanda lori alinishika bega. "Masika, chunga fimbo. Nikirudi nitauliza." Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kabisa kwamba fimbo ikibaki imenyooka, baba atarudi mzima.

Miezi ikapita. Jumamosi moja niliivingirisha, ikagonga. Tok. Tok. Tok. Haikuwa imeegemea popote. Ilikuwa ikilala kitandani kwangu, mimi nikilala sakafuni. Niliisugua mafuta mpaka kiganja kikawaka, mti ukabaki baridi. Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Ni mvua," alisema. "Mbao inakunywa maji."

Lakini mvua haikuwa imenyesha wiki tatu, na tangu siku ile mama hakuingia tena chumbani kwangu Jumamosi.

Mwezi uliofuata baba akarudi, hana hata mkwaruzo. Tulilia, tukachinja kuku. Aliwataja majirani wote kwa majina, akacheka panapochekesha. Nikamletea fimbo kwa mikono miwili, nikijua akiivingirisha nimekwisha. Aliipokea, akaitazama kama mtu aliyeshikishwa mwavuli wa mgeni. Kisha akaiegemeza ukutani, akaendelea kula.

Nilisubiri aishtukie. Nilitamani aniamuru nipige magoti. Sijawahi kutamani adhabu kama siku ile. Mama alinitazama, nami nikamtazama. Tulichokiwaza hatujakisema hadi leo. Niliogopa, na bado naogopa.

Siku hizi meza za snuka zimejaa vibarazani Bwera yote, na vijana wanaegemeza fimbo popote, wengine wanazichokolea mapera. Nikipita, nazilaza moja moja. Wananicheka: "Maama, si ni muti tu?" Naendelea kuzilaza. Enzi zetu tulichapwa, tukafokewa, tukapigishwa magoti, na hatukujua kwamba tulikuwa tunatunzwa.

Mzee yule aliyerudi yupo Rukoki, anakula vizuri, miguu bado ina nguvu. Nampelekea sukari na sabuni, nampigia goti kumwamkia kama binti wa Kikonzo. Namwita Baba, naye huitika. Lakini yule niliyemsindikiza Bwera bado namsubiri.