Mkwe Hatazamwi Usoni

Nyumbani kwa akina mke wangu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Miaka yote ya ndoa nilimjua mama mkwe kwa kisogo na sauti tu. Desturi hiyo ilinichekesha, nikamtania sana mke wangu, mpaka mchana ule walipomleta mama mkwe kwenye chumba cha dharura hapa Ifakara, na daktari wa zamu humo ni mimi peke yangu.

Alikuwa shambani kwake Mofu, juu ya dungu, jukwaa la miti, akifukuza ndege kwenye mpunga. Dungu likavunjika, akaanguka, uso ukagonga kisiki. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuwa amelikandamiza jicho la kulia kwa kanga.

"Toa mkono! Utalipasua hilo jicho!" nilimfokea. Kama lilikuwa limechanika, kulibonyeza ndiko kulimaliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaujibu ukuta.

Nikauliza kama alizimia, kama shingo inamuuma, kama meno yanakutana sawasawa. Kila jibu lilipitia kwa shemeji. "Mwambie meno yangu yapo yote." Nilipapasa mfupa wa shavu, nikimwomba Mungu daktari mwenzangu aliyekuwa wodi ya wazazi atoke upesi, anipokee. Niliogopa kwa ajili ya jicho lile, na mama mwenyewe nilimwogopa vilevile.

Kope lilikuwa limevimba, ila lilifunguka kidogo lenyewe. Nikanyoosha vidole.

"Mama, hivi ni vingapi?"

Macho yake yakabaki ukutani. Sasa hapo nitajuaje? Haoni, au ananiheshimu? Nikazunguka kitanda, naye akageukia upande mwingine.

"Mama, leo mimi si mkwe. Mimi ni daktari."

"Ni daktari wa watu," alimwambia shemeji. "Kwangu ni mkwe."

Nilikaribia kulia kwa hasira. Nikamwashiria shemeji alifunike jicho la kushoto, lile zima, kwa kiganja. Nikainama mbele ya mama bila kusema neno, vidole juu, nikisubiri ageuke tena.

Hakugeuka. Alinitazama usoni moja kwa moja, kwa utulivu, kisha akamuuliza binti yake kwa sauti ya chini mkwe amekwenda wapi.