Madonge Mawili ya Uzi Mweupe

Nikifungua uzi mpya wa pamba, harufu yake hunirudisha sebuleni kwetu Kabeza, mama akifuma kitambaa cha meza kwa ajili ya harusi ya dada yangu.

Kitambaa kidogo alichokuwa amefuma awali kilikuwa kimemaliza donge moja la uzi. Hiki kipya kilitakiwa kiwe na urefu mara mbili na upana mara mbili. Mimi, hodari wa hesabu darasani, nikasema, “Mara mbili, basi madonge mawili.” Mama akanunua mawili.

Uzi uliisha katikati. Mama alitandika kile kidogo mezani, kikafunika robo tu ya mahali ambapo kipya kilitakiwa kufunika. “Hesabu yako iko wapi?” akaniuliza. Dukani uzi mweupe ulikuwa umekwisha na harusi ilikuwa wiki iliyofuata. Akamalizia kwa uzi wa njano.

Wageni walikisifu sana. “Ni mtindo wa Bujumbura,” mama aliwajibu bila kucheka, huku akinikanyaga mguu.

Baadaye jirani mmoja alikuja kutaka cha namna ileile, kikubwa zaidi. Mama akanigeukia. “Madonge mangapi?”

Nilikwenda kuchukua kile kitambaa kidogo.