Gololi Zenye Kitovu

Mdogo wangu Anselmi alikuwa mtu wa kuudhi. Nasema hivyo na ninampenda, maana mgongo uliombeba ni huu huu wangu. Ungemkuta kibarazani kwake hapa Mabwerebwere, mtu mzima na mvi zake, ameshika gololi ya kioo, anaipapasa kwa kidole gumba taratibu. "Dada Teresia, hii ina kitovu!" Nami namjibu, "Basi mrudishe kwa mama yake, mimi nina ugali jikoni."

Maradhi hayo aliyapata kwenye shamba la mkonge, alikokuwa mpishi wa mzungu mmoja mzee. Yule mzee hakuwa na mke wala mtoto, alikuwa na sanduku la gololi. Kila Jumapili Anselmi alizisafisha kwa maji ya uvuguvugu, na mzee akamfundisha kuzitambua. Gololi ya kiwandani haina alama popote. Mashine inaitema ikiwa mviringo kamili, inafanana na nyingine zote, na ndani ina ukanda wa rangi kama jicho la paka. Hiyo ya kuchezea watoto. Lakini zile za zamani zilitengenezwa kwa mkono. Fundi alivuta kioo cha moto, akakikata kwa mkasi, na pale mkasi ulipopita pakabaki kovu, huku moja na huku moja. Nyuzi za rangi zinaanzia kovu hili, zinajisokota hadi kovu la pili. Makovu hayo ndiyo Anselmi akayaita vitovu. Wanaojua thamani yake wako Ulaya, na sisemi hii Ulaya yetu, kijiji cha njia ya Mikumi, nasema ile ya wazungu wenyewe.

Mashamba yalipotaifishwa, mzee akaondoka na nguo zake tu, gololi zote akamwachia Anselmi. Za kiwandani zikaishia kwa wajukuu, wakazitia kwenye soksi. Zenye vitovu akaziweka kwenye kopo la tumbaku chini ya kitanda, na humo zikakaa miaka na miaka.

Sasa mke wake, wifi yangu Paulina, alikuwa na rovu. Kwetu milimani kuvimba shingo si ajabu, lakini rovu la Paulina lilikua kwa ndani, likambana koo. Akilala chali anakoroma kama mtu anayenyongwa. Ikabidi awe analala ameketi. Daktari akasema apasuliwe, tena Dar es Salaam, kabla koo halijaziba kabisa. Nauli tutoe wapi? Na dawa, mwaka ule wa themanini na tatu ambapo hospitali zenyewe zilikuwa hazina hata bandeji?

Ndipo Anselmi akalikumbuka kopo. Dereva wa lori, Cornel, alimwambia kuna mzungu Mikumi, mchunguzi wa wanyama, anapenda vitu vya kale. Anselmi akampa gololi moja ya kitovu akamwonyeshe. Cornel alirudi amechangamka. Mzungu ameishika mwenyewe, ameipeleka kwenye jua, nusura aruke! Atakuja Jumamosi kuona zilizobaki, na kama zote ziko hivyo, mama atapasuliwa.

Paulina alicheka siku ile mpaka akakohoa. "Wifi," akaniambia, "nitapumua kama watu."

Lakini Cornel, Mungu amsamehe, mdomo wake haujui kufungwa. Kila alipokunywa chai, Mikumi, Ulaya, Magomeni yetu ya hapa wilayani, alisimulia: Anselmi ana kopo zima la gololi! Na mwaka ule, jamani, mtu akisikia gololi atafikiri nini? Baiskeli za wilaya nzima zilikuwa zimelala kwa kukosa gololi zile za chuma. Wakati huohuo wahujumu uchumi walikuwa wanasakwa nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wanatupa sabuni mtoni, wanatupa khanga mpya, wanatupa betri. Basi kopo la Anselmi likawa la vipuri vilivyofichwa.

Alhamisi mimi na Anselmi tulikuwa shambani. Jirani yetu Sikuzani akaingia kwa Paulina mbio. "Mgambo wanakuja! Wanauliza gololi!"

Paulina alikuwa ameona kwa macho yake mtu wa Magomeni akipakiwa kwenye gari kwa ajili ya sabuni. Hakujiuliza gololi zipi. Alichojua ni kwamba mume wake atafungwa. Akalichomoa kopo, akaenda nalo mpaka mto Mkondoa, na pumzi zake zile, mto umejaa masika, akamwaga zote. Sikuzani anasema alirudi anashika miti.

Mgambo wakaja, vijana wadogo wenye adabu zao. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Wakapekua, wakakuta soksi ya watoto. Mmoja akamimina gololi kiganjani, akacheka. "Ah, mama, hizi za kuchezea! Sisi tunatafuta za baiskeli." Wakaaga, wakaenda zao. Paulina akakaa chini palepale uani, na tuliporudi alikuwa bado hajainuka.

Anselmi hakumgombeza. Alikwenda mtoni, akaingia hadi kiunoni, akachota mchanga mpaka giza. Mimi nilimfuata huko nikimtukana Cornel, nikimtukana mzungu wa mkonge, nikiutukana mto wenyewe. Hatukupata hata moja.

Jumamosi mgeni akaja kweli, ile gololi ameifunga kwenye leso. Hatukuwa na la kumwonyesha zaidi ya zile za soksi. Akazishika moja moja, kidole gumba kikitafuta kama kile cha Anselmi. "Kiwanda. Kiwanda. Kiwanda." Anselmi akamsindikiza hadi kwenye gari, nami nyuma yao, na huko ndiko akamweleza. Mzungu akashika kichwa. Akauliza kopo lilikuwa kubwa kiasi gani. Anselmi akamwonyesha kwa mikono. Mzungu akasema, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, kwamba kopo hilo lingempeleka mama Dar es Salaam, likamrudisha, na nyumba tungejenga. Ile moja aliinunua. Bei yake ilitosha nauli ya kwenda tu.

Nilimwona mdogo wangu akijifuta uso kwa shati kabla ya kuingia ndani.

"Kasemaje?" Paulina akauliza. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Kasema vioo vitupu. Mzee yule alinidanganya. Hata zile za kopo, angezitupa yeye mwenyewe."

"Afadhali," Paulina akasema. "Nilikuwa nasema moyoni nimejiua kwa mikono yangu." Kisha akanigeukia mimi, maana anajua sijawahi kumficha mtu neno, hata liwe chungu. "Wifi, ni kweli?"

Nilipandwa na hasira, na sikuwa na wa kumtupia.

"Kweli, wifi," nikamwambia. "Vioo vitupu."

Tulimzika mwezi wa nane, kwao milimani, na mpaka anakata roho alikuwa anatuamini.