Mwaka Tuliomwogopa Sato

Kabla mambo hayajaharibika, wanaume wa uani kwetu Kirumba, mtaa wa kando ya ziwa, walikula pamoja kila Jumapili mchana. Nyumba zilikuwa nne, sinia moja. Sisi wanawake tuliwapelekea ugali na sato wa mchuzi, kisha tukala zetu pembeni. Mume wangu, Masalu, alipenda kichwa, na jirani yetu mzee Kulwa hakuacha kumtania: "Mama Neema, huyu alikuwa na mke ziwani kabla yako." Masalu alicheka huku akinyonya jicho la samaki.

Mwezi wa tano mwaka 1994 tulimwacha Neema, binti yetu mdogo, kwa shangazi yake, tukaenda kambi ya wavuvi upande wa magharibi wa ziwa. Masalu alivua, mimi nilianika dagaa. Redioni tulisikia kwamba Rwanda watu wanauawa. Kwa barabara ni mbali. Kwa maji si mbali: mito ya kule huingia Kagera, na Kagera humwaga ziwani.

Siku ya nne asubuhi wavu ulikuwa mzito.

Haukuwa na samaki.

Alikuwa mwanamume, mikono imefungwa kwa nyuma. Kisha wakaja wengine.

Wavuvi wengi walipakia vyombo wakaondoka. Masalu na wenzake wawili walibaki, wakaivuta miili ufukweni na kuichimbia makaburi kwa makasia. Koleo hatukuwa nalo.

Mmoja alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Fundo la mbeleko lilikuwa limekazwa na maji. Nililifungua mimi. Wenzake Masalu wawili walikuwa wakichimba. Aliyeniona ni Masalu peke yake.

Tuliporudi Kirumba, habari ilikuwa imetutangulia, hata ya Masalu kuzika maiti. Ati samaki wamekula watu, wana sumu, anayewala atavimba tumbo na kurukwa na akili. Kila mtu alikuwa na binamu aliyeona kidole ndani ya sangara. Aliyekiona mwenyewe sikumpata. Meza za soko la samaki la Mwaloni zikabaki na nzi. Watu wakanunua maharage.

Jumapili Masalu alileta sato na sangara, akawapasua uani mbele ya wote, tumbo moja baada ya jingine, akapanga vilivyomo juu ya kipande cha bati. Kwa sato ulitoka ujiuji wa kijani. Kwa sangara walitoka dagaa na uduvi. Miaka mingi baadaye nilijisomea kuhusu samaki, kitabu hiki na kile, nikakuta alichotuonyesha kilikuwa sahihi: sato hula mimea midogo ya majini, na nyama yake haikuwa na sumu yoyote. Siku ile nilimkaangia mmoja, akamla mbele yetu mpaka mifupa. Kisha akanawa, akasogea kwenye sinia, lenye ugali na maharage.

Wanaume waliondoa mikono.

Mzee Kulwa ndiye aliyesema, bila ukali. "Samaki tumewaona, Masalu. Tunachoogopa ni mikono yako."

Masalu aliitazama mikono yake. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na ugali wa kuongezea, nimeusonga kwa mikono ile ile iliyofungua mbeleko. Angeweza kusema. Hakusema.

"Mpe mzee ugali," aliniambia. "Mimi niwekee ndani."

Nikamwekea ndani, sahani yake peke yake. Mimi nikala nje na wanawake. Nilijiambia ni kwa ajili ya Neema, asije akatengwa na wenzake. Jumapili iliyofuata sikungoja kuambiwa.

Haukupita mwaka, sato akarudi kwenye masufuria. Hakuna tuliyesikia amekufa kwa kumla. Mzee Kulwa mwenyewe alikuja mlangoni kwetu. "Baba Neema, toka basi," alisema. "Sinia limepwaya." Masalu alimshukuru, akasema ameshiba. Alijibu hivyo kila Jumapili, hadi wakaacha kumwita. Alikula ndani miaka kumi na tisa, mpaka ugonjwa wa moyo ulipomchukua.

Nimelipima jambo hili mara nyingi. Ningesema ukweli siku ile, huenda uani wasingegusa tena ugali wangu. Huenda tungelazimika kuhama Kirumba. Lakini mle ndani tungekuwa wawili, kwenye sahani moja.