Mchoro wa Mwanakombo na Upande wa Kibla

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ya jana sikumbuki hata nilikula nini. Ilikuwa baada ya Alasiri, hapa Msambweni, wazee wa msikiti tumeketi barazani kuamua chumba cha kuswalia wanawake kijengwe vipi. Mjukuu wangu Mwanakombo, anayesomea uhandisi wa ujenzi, alikuwa amekichora kwa kompyuta. Ndiyo kazi yake ya kwanza. Tungeukataa mchoro, kazi angepewa fundi wa Ukunda asiyechora chochote.

Mzee Hamadi, mtu ambaye hata redio haiamini, akacheka, akamtania Mwanakombo utani wa babu na mjukuu. “Mke wangu, hii ni mistari tu. Nyumba iko wapi?”

Mimi shule niliionja, sikuishiba. Lakini ujanani nilipokuwa na pupa ya kuchimba msingi, marehemu mjomba alinikemea, akanichorea nyumba nzima chini kwa majivu. “Ingia, keti, lala, kisha uniambie mlango umekaa sawa.” Jirani aliyenikuta nimelala juani ndani ya majivu alidhani nimepagawa! Basi nikamwambia Mwanakombo, “Mjukuu wangu, tuingize ndani.”

Akatugeuzia kompyuta, akatembeza kidole. “Mimi ni mama. Nimevua viatu hapa. Natawadha hapa. Choo hiki...” Kidole kikasimama. “Astaghfirullah! Atakayechutama ataelekea kibla, na chooni hilo halifai.”

“Ala!” Hamadi akadakia. “Kumbe kompyuta yako haijasilimu?”

Baraza zima likaangua kicheko. Nikadhani mtoto atalia. Wapi! Akabonyeza huku na huku, choo kikageuka, ukuta ukasogea, bomba la maji akalihamisha, na kahawa yangu bado ina moto.

“Haya, mume wangu, ingia tena.”

Hamadi akainama, akatazama kwa muda. “Huko ni kwa wanawake, siingii. Mwite bibi yako aje achague pa kukaa. Wazee, mchoro ndio huu!”

Tukapiga takbiri. Leo wanawake wanaswali humo, na kuta zimesimama vile vile alivyozichora.

Basi mwanangu, nawe unayejifunza kuchora kwa mashine, kila mchoro uingie uishi humo kwanza, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa la kwenye kioo hufutwa kwa kidole. Likishakuwa tofali, ni nyundo. Na ukikosea mbele za watu, sema, rekebisha, endelea. Mola akupe jicho linaloona na mkono usiotetemeka, na kila utakachokisimamisha kiwafunike watu kwa heri. Amin.