Hakimu na Kiti cha Marehemu

Mume wa Mama Vifungo alipofariki, watu walikuja kumfariji kwa maneno mengi mazuri, na wachache walikaa kimya, ambao Mungu awazidishie. Walimwambia Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ni kweli tupu. Ila Bwana, kwa hekima yake isiyochunguzika, alimtwaa mume akamwacha mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Hakimu. Marehemu alimpa jina hilo kwa vile alivyomtazama kila aingiaye, kana kwamba kesi yake ameshaisoma na anangoja tu kumsikia akidanganya. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na la pili limekata tamaa.

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake. Cherehani ilikaa dirishani, kioo ukutani, benchi la wateja kando ya mlango. Mkabala na cherehani kilikaa kiti cha mikono cha marehemu, alichokuwa akikikalia kila jioni akitoka gereji. Hakimu hakumzuia mtu kuingia. Shida ilianza pale mtu alipokunja magoti karibu na kile kiti. Karani mmoja mwenye adabu zake alikuja kupunguziwa suruali, akachoka kusubiri, akakisogelea kiti kinyumenyume. Suruali ikapunguzwa kabla hajapimwa, tena mguu mmoja tu.

Mwenye nyumba, mwanamke aliyeishi ghorofani, akateremka.

"Pole na msiba, Mama Vifungo." Alianza hivyo kila mara, kama mtu anayefuta miguu kabla ya kuingia na matope yake. "Lakini huyu mbwa, au afundishwe au aondoke. Mwezi ukiisha nisisikie kesi nyingine."

"Nimekusikia, dada."

"Wewe umenisikia. Yeye je?"

Mama Vifungo hakulala vizuri. Katika nyumba ile walibaki viumbe wawili tu ambao bado waligeuza shingo lango likilia jioni, yeye na mbwa. Akiondoka mbwa, angekuwa anageuka peke yake, na mtu anayegeuka peke yake huanza kusemwa.

Wifi yake aliposikia, alifika bila kuitwa. Huyu alikuwa dada wa marehemu na kiongozi wa maombi ya akina mama kanisani, mtu ambaye Mungu alimpa karama ya kujua akamnyima ya kunyamaza.

"Kuna darasa la mbwa Jumamosi, kule uwanjani," Mama Vifungo alimwambia. "Wanafundishwa kwa pamoja."

"Mbwa wote wa mtaa uwanja mmoja? Hilo si darasa, wifi, hicho ni kijiwe. Atarudi na tabia ambazo hakwenda nazo."

"Kuna mwalimu."

"Mwalimu mmoja kwa kundi zima. Wewe si ulisoma darasa la namna hiyo? Hesabu ulizijua?"

"Nakata nguo za watu, wifi, na zinawaenea."

"Nimesema tu. Kaka yangu asingekubali mbwa wake asome kwenye kelele. Tafuta mwalimu wa kumjia nyumbani, peke yake, kwa utulivu."

Marehemu alikuwa na maoni mengi sana tangu afariki. Alipokuwa hai, hakuwa na maoni hata kuhusu mboga.

Basi mwalimu wa nyumbani akaletwa. Wifi alimwita mtaalamu. Alikuja na viatu vyeupe na kifuko cha nyama kiunoni, akasimama katikati ya chumba akivuta pumzi kama mtu aliyefika mlimani.

"Mimi sifundishi mbwa, mama. Mimi najenga uhusiano."

Mama Vifungo alijiuliza kama angeweza kupata mmoja wa kufundisha tu.

Mtaalamu akamwambia Hakimu akae, akakaa. Alale, akalala. Asubiri, akasubiri huku nyama iko puani pake. Wifi aliitikia kwa kichwa kila hatua, kama mama wa mhitimu. Kisha mtaalamu akajongea kwenye kile kiti, akainama kidogo kama anayetaka kukaa. Hakimu akanguruma kutoka tumboni. Mama Vifungo, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akilishona, akatia mkono mfukoni, akamega mkate, akamtupia.

"Asante, baba. Asante."

Mbwa akala.

"Rudia hapo, mama," mtaalamu alisema.

"Nirudie nini?"

"Hicho ulichofanya kwa mkono."

Mama Vifungo akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale.

"Kila akinguruma unampa mkate?"

"Nampa pole."

"Kwa mkate?"

"Watu walipokuja kunipa pole mimi, walikuja mikono mitupu?"

Mtaalamu alikaa kwenye benchi, mahali salama. "Mama, mbwa huyu hana tatizo. Amefundishwa vizuri kuliko mbwa wengi niliowaona. Amefundishwa kulinda kiti, na aliyemfundisha ni wewe." Kisha akaeleza dawa. Masomo yangefanyika hapahapa, yeye na mama na mbwa, na siku ya kwanza kabisa kiti kingetolewa kwenda stoo. Kiti kikiondoka, tatizo nalo limeondoka.

"Hata mimi nimekuwa nikisema hicho kiti kitolewe," wifi akadakia.

"Lini ulisema?"

"Nilisema moyoni."

Mama Vifungo akamshukuru mtaalamu, akasema ataliombea jambo hilo. Katika kanisa lao, "nitaliombea" ndiyo hapana iliyovaa nguo za Jumapili. Jumamosi iliyofuata alimfunga Hakimu kamba, akaenda naye uwanjani.

Wifi alidhani ni ubishi. Sababu yenyewe Mama Vifungo hakumwambia mtu, hata kwenye maombi aliipita kwa mbali. Uwanjani hapakuwa na kiti. Hakimu angeweza kufaulu masomo yote bila kuulizwa swali moja linalomshinda, na ni mwanafunzi gani asiyeomba mtihani wa aina hiyo.

Mwalimu alikuwa askari mstaafu, watu wakimwita Kamanda, mwenye sauti ya kuamsha mtaa wa pili. Wanafunzi walikuwa mchanganyiko wa kusikitisha. Muuza nyama alikuja na mbwa mnene aliyelala mara tu somo lilipoanza. Nesi mmoja alikuja na kijibwa kilichotetemeka kila kikitajwa jina. Katika kundi hilo Hakimu aling'ara kama mtoto wa mwalimu mkuu. Na Mama Vifungo, Mungu amsamehe, alifurahi. Uwanjani hakuna aliyemwambia pole. Walimwita Mama Hakimu na kumuuliza siri yake.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mteja mwingine alipojaribu kukaa kwenye kiti, na mngurumo ukafika ghorofani.

"Mwezi unaisha," mwenye nyumba alisema akiwa ngazini, safari hii bila pole. "Naambiwa mbwa wako anajua kulala akiambiwa. Hata mimi najua."

Jumamosi, somo lilipokwisha, Mama Vifungo akamfuata Kamanda, akamweleza yote, mkate ukiwemo.

"Kiti cha nani?"

"Cha baba wa nyumba. Amefariki."

Kamanda akashusha sauti, zoezi ambalo hakulizoea. "Mimi siendi majumbani, mama. Nafundisha kinachokuja uwanjani. Lete kiti."

"Hapa?"

"Si kina miguu? Kije."

Jumamosi iliyofuata wifi alikuta mkokoteni mlangoni, kiti kikiwa juu yake. "Unakipeleka wapi kiti cha kaka yangu?"

"Shule," Mama Vifungo akajibu, akakaza kamba.

Juu ya majani, kiti kilionekana kidogo kuliko nyumbani, na kikuukuu. Kamanda akapanga watu mstari. Kila mmoja apite, akae, ainuke. "Na wewe mama, mkate ni wakati wa kimya tu. Ukimpa anaponguruma, nitakufunga kamba wewe."

Muuza nyama alitangulia. "Nikirudi nimepungua kipande, kilichobaki kiuzeni dukani kwangu," alisema, akakaa wima kama anayepigwa picha. Hakimu akanguruma. Mkono wa Mama Vifungo ukaenda mfukoni wenyewe.

"Mkono, mama."

Akautoa. Mbwa akanguruma tena, kisha akageuka akamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza. Alikuwa amefanya kazi yake, mtu amekikalia, na hakuna aliyesema asante. Mama Vifungo akainamisha macho kwenye majani, akaomba, na hakuwa anamwombea mbwa. Mngurumo ulipungua, ukakatika. "Sasa," Kamanda akasema. Mama Vifungo akampa mkate.

Zamu ya nesi ilipofika, Hakimu alitoa sauti ndogo tu, ya kuweka kumbukumbu sawa. Nesi akajinyoosha kitini.

"Kiti kinayumba hiki, mama. Mguu wa nyuma umelegea."

"Alisema atautengeneza."

"Alisema lini?"

"Tulipooana."

Muuza nyama akacheka, akashika mdomo wake. Lakini Mama Vifungo naye alikuwa anacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka, kama vinavyogeuka. Nesi akainuka na kumpisha, maana anayelia hupishwa kiti. Akaketi kabla hajajua ameketi wapi. Hakuwahi kukikalia, hata mume alipokuwa hai. Watu wote wakamtazama Hakimu. Hakimu akapiga mwayo, akaenda kumnusa mbwa wa muuza nyama.

Mwezi ulipoisha mwenye nyumba aliteremka, akasema pole, akakikalia kiti makusudi, mikono yote miwili juu ya mikono ya kiti. Mama Vifungo hakuacha kushona. Hakimu aliinua sikio moja, akamtazama fundi, hakupata jibu, akakishusha kichwa sakafuni.

"Basi abaki," mwenye nyumba alisema. Kisha akaanza habari za ngazi, za maji, za wapangaji wa zamani, akaendelea mpaka giza likaingia. Mbwa alinyamaza muda wote. Kwa mwenye nyumba hakuna darasa lililofunguliwa bado, la pamoja wala la nyumbani.